Injini ya Liberatus

Ambokile alikuwa fundi wa misumeno ya kukatia miti pale Mbalizi, Mbeya, jirani na soko. Alipoanza kushindana na magari madogo ya rimoti, yale yenye urefu wa mkono yanayotumia petroli, hakuwa na uwezo wa kuagiza injini nje. Alichomoa ya msumeno mbovu, akaifunga kwenye gari lake, na likakimbia.

Mwaka jana, kwenye mashindano ya Iringa, Mzee Timotheo alilinyanyua gari hilo mbele ya watu na kuligeuza juu chini.

"Jamani, huyu wa Mbeya ametuletea msumeno uliovaa matairi! Ficheni miti yenu!"

Uwanja mzima ulicheka. Timotheo hakuwa mtu mbaya, alipenda utani tu, na kabla ya jioni alikuwa ameshasahau. Ambokile hakusahau. Jina lilimfuata mpaka Mbalizi. Hata wateja walianza kumwita Msumeno.

Tangu hapo kila akifunga kazi aliingia kwenye injini. Alipanua kwa tupa tundu la kutolea moshi, kidogo kidogo, kisha akalisugua kwa msasa laini. Alitoa gasketi ya chini ya silinda akaweka nyembamba zaidi, mgandamizo uongezeke. Eksozi akaikunja mwenyewe. Injini ya kwanza ilinoki, ikakwama kabisa. Ya pili ilipasua pistoni. Ya tatu ilipolia, dada yake Mercy, aliyeuza vipuri kwenye duka lao, aliziba masikio huku anacheka.

"Kaka, hii itaruka!"

"Haijatengenezwa iruke," Ambokile alisema. "Imetengenezwa kwa ajili ya Timotheo."

Mashindano ya mwaka huu yalipowadia walifika Iringa Jumapili, watu wakitoka ibadani na kwenda moja kwa moja uwanjani na nguo zao nzuri. Ambokile alimwamkia mzee kwa adabu, kisha akapaza sauti.

"Mzee, tuwekeane dau. Injini kwa injini. Atakayeshindwa anafungua yake hapa hapa, anampa mwenzake."

Timotheo alisita. Wenzake wakaanza kumchokoza, wakamuuliza kama anaogopa msumeno. Akakubali.

Gari la mzee lilitangulia tangu mwanzo, lakini kwenye mnyooko wa mwisho la Ambokile lililia kwa sauti nyingine kabisa, likampita na kumwachia vumbi. Watu wa Iringa wenyewe walipiga makofi.

Timotheo alichuchumaa na spana yake. Hakufungua hata nati moja.

"Mwanangu, nikuombe kitu. Chukua gari lote, na rimoti uchukue. Injini niachie."

"Kwa nini?"

"Aliichonga Liberatus, kijana wangu. Hayo matundu aliyapiga tupa yeye, kwenye meza yetu ya kulia chakula, mama yake anagomba. Pikipiki ilimuua mwaka juzi. Tangu hapo sijaifungua."

"Kaka, mwachie," Mercy alisema.

Ambokile alipiga goti, akachungulia kwenye tundu la eksozi. Alitazama kwa muda.

"Kazi safi," alisema. "Kijana alikuwa na mkono."

Timotheo akatabasamu, machozi yakimlenga. Alidhani yameisha.

"Usiifungue, mzee. Tuisikie kwanza."

Ambokile alimwaga mafuta yaliyokuwa kwenye tangi la gari la mzee, akachukua dumu lake jingine na kujaza upya. Timotheo alinusa.

"Hiyo ni petroli tupu. Haina oili."

"Najua."

"Itakufa."

"Si ni injini yangu? Vuta kamba. Wewe ndiye unayeijua."

Timotheo aliwatazama wale waliomsukuma akubali dau. Kila mmoja alikuwa anaangalia viatu vyake. Mzee alikuwa ametoa neno lake mbele ya watu, naye alikuwa mtu wa kutimiza neno. Akavuta. Ilikataa. Akavuta tena, ikawaka.

Ambokile alilinyanyua gari matairi yazunguke hewani, akabana rimoti mpaka mwisho. Injini ililia vizuri mwanzoni, pengine kuliko ilivyowahi kulia. Baadaye sauti ikawa nyembamba, ikakwaruza, ikakatika. Harufu ya chuma kilichoungua ikasambaa.

"Sasa chukua," alisema, akiliweka gari miguuni pa mzee. "Sina shida nayo."

Timotheo alivua koti lake la kanisani, akalizungushia gari, kwa kuwa lilikuwa la moto na hakutaka kulisubiri lipoe.

"Nilikukosea nini?" aliuliza.

Ambokile alianza kumweleza. Akaona mzee hakumbuki chochote, ikabidi asimulie yote tangu mwanzo: alivyolinyanyua gari, alivyoligeuza, alivyosema. Alipofika kwenye msumeno uliovaa matairi, mtu mmoja nyuma akacheka. Na wengine wakacheka.

Timotheo hakucheka. "Kumbe ni hilo," alisema, akaondoka na mzigo wake kifuani.

Wakirudi Mbeya, Ambokile na Mercy walisimama Igawa kula. Mercy alikataa kushuka. Ambokile aliingia mgahawani peke yake, akaagiza wali na nyama, akala wote, akanawa, akaagiza tena.