Kumi na Tatu ya Shemeji Moubarak

Mi sina ugomvi na shemeji yangu Moubarak kwa sababu anaishi Brussels. Aishi hata mwezini, shauri yake. Ugomvi wangu na yeye ni wa namba moja tu, na ile namba karibu inizikie mume na mtoto siku moja.

Mume wangu Massoudi anaendesha taksi, toka hapa kwetu Buyenzi hadi Gatumba na kurudi, asubuhi mpaka magharibi. Ana ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Anakoroma, halafu kimya, kimya kabisa, mpaka nimpige kiwiko ndiyo avute hewa tena. Mchana anasinzia popote. Alisinzia kwenye hotuba ya Ijumaa, alisinzia na tonge mkononi, na mwezi wa tatu alisinzia kwenye usukani akaingia mtaroni na abiria wanne. Hakufa mutu, alhamdulillah. Lakini huyo huyo ndiye anampeleka Soumaya wetu shuleni kila asubuhi. Simu ikilia kabla ya saa mbili, naacha hata sufuria motoni niikimbilie.

Moubarak, kaka yake mkubwa, ana ugonjwa huo huo. Wazungu walimpa mashine ya kupuliza hewa, unavaa maski puani unalala, hewa inalizuia koo lisijifunge. Walipompa mpya, akamtumia mdogo wake ile ya zamani. Jamani, ilipokelewa! Watu walijaa sebuleni, dua ikasomwa, wifi yangu Adija akaleta kitambaa alichofuma kwa mkono, akaifunika kama vile watu wanavyofunika televisheni. Nikamwambia, "Wifi, hiki kitu kinavuta hewa, utakiziba." Akanikata jicho.

Siku ya kwanza tu nikajua tuna kazi. Ilipuliza mpaka mashavu ya Massoudi yakavimba. Hewa ikawa inapiga mluzi pembeni ya maski na kumchoma macho, nyingine inaingia tumboni, asubuhi anacheua mpaka saa sita. Kila usiku anaivaa, haifiki saa nzima, anaing'oa. Nikamwambia ile presha, namba kumi na tatu aliyoiacha Moubarak, ipunguzwe.

"Ipunguzwe na nani? Kaka amelalia kumi na tatu miaka sita."

"Kaka yako ana kilo mia na thelathini na shingo hana. We shingo yako ya kuku. Mutapumua vipi namba moja?"

"Mama Soumaya, kitu cha mukubwa wangu mi sikigusi."

Na hakuwa anaogopa, msimwonee. Baba yao alikufa Massoudi ana miaka tisa. Moubarak akaacha shule, akabeba magunia sokoni, akamlea. Hata jina la Soumaya alichagua yeye. Kwa Massoudi, kubadilisha namba ya kaka ni kumwambia kaka kwamba hukunilea vizuri. Basi Jumapili kaka akipiga simu ya video, mume wangu anajilaza kitandani, anavaa maski, anainua kidole gumba. "Unaona?" anasema Moubarak. "Nilikwambia!" Simu ikikatika, maski inatupwa kando. Mutu mzima, ana mvi, anacheza mchezo wa kulala!

Nilimpigia kelele wiki tatu ndipo akakubali twende kwa dokita Hyacinthe, kule Kinanira. Dokita akachomoa kikadi kidogo ndani ya mashine, akasoma kwenye kompyuta muda ambao maski ilivaliwa kila usiku. Dakika arobaini. Dakika hamsini. Dakika ishirini. Akauliza nani aliandika kumi na tatu.

"Kaka," akasema Massoudi.

"Kaka ni dokita?"

"Apana. Anafanya kazi kwenye ghala."

Dokita hakucheka. Alimlaza pale pale kliniki mchana, na kumlaza haikuwa shida, alilala kabla hata hajavuliwa viatu. Mashine ikaanzia chini, dokita anapandisha kidogo kidogo huku anatazama pumzi yake na hewa iliyo kwenye damu, mpaka ile kukatika ikaisha. Ikasimama kwenye nane. Nane! Kubadilisha kwenyewe ni kubana vitufe viwili pamoja, unahesabu mpaka tatu, inafunguka sehemu ambayo mgonjwa haoni. Dokita hakunifundisha. Nilitazama vidole vyake.

Siku tisa nyumbani kwetu watu tulilala usingizi. Massoudi akaanza kuamka mwenyewe, anaimba anaponawa, anamtania Soumaya mpaka mtoto anachelewa. Mi nilipika chapati siku ya kawaida, kwa furaha tu.

Ya kumi, Adija akafikisha habari Brussels.

Simu ilikuja baada ya swala ya Ijumaa, na sura ya shemeji imejaa kioo chote. "Nasikia mumechezea mashine."

"Kaka, dokita alipima..."

"Nilimzika baba. Unataka nikuzike na wewe kwa ajili ya dokita wa mtaani? Mwili unazoea. Mi nilivumilia, na we vumilia. Rudisha."

Nilimtazama mume wangu. Mdomo wake ulikuwa wazi, nikadhani atasema. Akasema, "Ndiyo, kaka." Halafu akanigeukia, "Mama Soumaya, we ndiye ulitazama. Rudisha."

Nikabana vitufe kwa mkono wangu mwenyewe. Tisa, kumi, kumi na moja. Ikafika, nikaielekeza kwenye kamera shemeji aione. "Vizuri, shemeji," akasema. "Wanawake muna haraka." Sijawahi kuchukia mutu aliye mbali namna ile. Na aliye karibu nilimchukia zaidi.

Siku nne baadaye Soumaya alirudi toka shule, akavua mkoba, akasema kawaida kabisa, "Mama, leo baba alilala kwenye mzunguko. Magari yalipiga honi. Nikamupiga begani akaamka. Alisema nisikuambie."

Ana miaka minane. Miaka minane, na kazi yake kwenye gari ni kumwamsha dereva!

Massoudi alipotoka kwenda swala ya alasiri, niliingia chumbani, nikakitoa kile kitambaa cha Adija, nikabana vitufe, nikahesabu mpaka tatu, nikateremsha. Nane. Ukiamka, ile mashine haionyeshi namba, inaonyesha saa ulizolala na kisura kinachocheka. Asubuhi iliyofuata ilionyesha saa sita. Ya pili yake, saba.

Wiki haijaisha Massoudi akakaa mezani, macho meupe, akanywa chai yote. "Unaona sasa? Mwili umezoea. Kaka alijua."

Wallahi ulimi ulinijaa mdomoni. Nikamtazama, nikaona nikisema nane leo, kesho itakuwa kumi na tatu, ili aitwe mdogo mwema. Nikamwongezea chai. Kikadi nampelekea dokita peke yangu. Massoudi anasema hataki tena kumwona yule mutu.

Basi Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani, ukoo ulikusanyika kwetu kuombana msamaha, kama ilivyo kila mwaka, mutu asiingie kwenye mfungo na kinyongo. Moubarak alikuwepo kwenye simu, imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Massoudi akasimama. Nikafikiri ataniomba msamaha kwa ule mtaro, kwa mzunguko, kwa kumfundisha mtoto kunificha.

"Mi namshukuru kaka," akasema. "Mara ya pili ameniokoa. Na mke wangu nimemsamehe mbele yenu. Alinipunguzia hewa, kidogo aniue. Hakujua."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Adija akanishika bega, "Haya wifi, na we utoe kilicho moyoni." Na shemeji kwenye kioo akatabasamu, "Mi sina kinyongo, shemeji. Lakini waambie wasikie. Namba yake ni ngapi?"

Soumaya alikuwa ameniegemea, na kesho yake asubuhi angepanda kiti cha mbele pembeni ya baba yake.

"Kumi na tatu, shemeji," nikasema. "Munisamehe."

Wakaitikia amina wote, na sauti ya Massoudi ilikuwa juu kuliko zote, haina hata chembe ya usingizi.