Joka la Kiwanda cha Magodoro

Daktari wa mifugo alikuwa zizini, mkono mmoja ndani ya ng'ombe hadi kwapani, simu ilipoita kumwarifu kwamba joka limezaliwa kwenye kiwanda cha magodoro. Alimalizia kwanza kumgeuza ndama. Kisha akanawa, akatia taa na glavu ya ngozi mkobani, akawasha pikipiki. Joka halikuwa jambo la kukimbiliwa. Miji mingi yenye viwanda ilikuwa nalo moja, na mengine yaliishi hadi kuzeeka bila kumuunguza hata kuku.

Kilichomshtua ni jina la kiwanda. Mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, alifanya kazi hapo zamu ya usiku mpaka ghala la sponji lilipoteketea. Mwenye kiwanda, ambaye mji mzima ulimwita Tajiri, alitangaza kwamba vijana wote walitoka salama, kisha wakatoroka wasije wakaulizwa nani aliyewasha moto. Tangu hapo mama yao hakujua alie au angoje.

Mlinzi wa kiwanda aliitwa Subiri, kwa sababu neno hilo lilimtoka kinywani hata kabla ya salamu. Alimwongoza daktari mpaka kwenye ghala lile lililoungua, akamwingiza, akaanza kuvuta mlango wa chuma kutoka nje.

"Mbona unafunga?" daktari akauliza.

"Amri. Joka lisitoke."

"Na kabla ya joka?"

"Magodoro yasitoke," alisema Subiri, na komeo likalia.

Ndani walikuwamo Tajiri na mkaguzi wa viwanda, mzee mnene aliyejiziba pua kwa leso. Joka lilikuwa limejikunja juu ya majivu, refu kama lori, jeusi kama sufuria ya kuni, mabawa yake bado mabichi, yamegandana mgongoni. Lilimtazama daktari akija, likasogeza mkia kumpisha.

Majoka hayatagi. Daktari alifundishwa hivyo chuoni mwaka wa kwanza, baada ya somo la minyoo: hakuna jike wala dume, na yai hakuna aliyewahi kuliona. Joka hutokana na majivu ya watu walioungua nyuma ya mlango uliofungwa. Majivu hayo yasipozolewa, mvua ikayapata, huumuka kama unga uliotiwa hamira. Huota kwanza uti wa mgongo, halafu mapafu, na mwishowe moto ule ule uliowaua hurudi kujihifadhi katika kifuko chini ya koo. Mahali watu walipotoka salama, majivu hubaki majivu.

Alivaa glavu akaanza kazi. Alifunua kope, akakagua fizi, akabonyeza tumbo. Lilipojisogeza, mguu wa nyuma ulichechemea kama wa mtu, na begani palikuwa na kovu la chanjo. Alipoingiza mkono kooni, joka lilikohoa: mara mbili kwa kifupi, mara moja kwa kuvuta, kisha likasafisha koo kama linaloomba radhi. Hakukuwa na mtu duniani aliyekohoa hivyo ila mdogo wake. Daktari aliacha mkono wake palepale.

"Vijana wako hawakutoroka," akamwambia Tajiri bila kugeuka. "Wamo humu. Walifungiwa."

"Hilo tunalijua, daktari," alisema mkaguzi. "Tumekuita utuambie kama lina afya."

"Limetokana na wafanyakazi wa kiwanda, ndani ya kiwanda, saa za kazi," alisema Tajiri kwa upole. "Kwa hiyo ni la kiwanda. Likiwa zima nitalifunga kwenye boila, tuache kununua kuni. Likiwa gonjwa, kuna askari wenye bunduki pale getini."

Sauti yake ndiyo iliyoharibu mambo. Magamba ya shingo ya joka yalisimama moja baada ya jingine. Harufu ya mafuta ya taa ikajaa ghalani, na chini ya kiganja cha daktari kifuko kikaanza kuvimba na kupata moto.

"Mlango ufunguliwe," alisema daktari. "Sasa hivi."

Tajiri alirudi kinyumenyume, akapiga chuma kwa ngumi. "Subiri! Fungua!"

"Amri ni nisifungue," ilijibu sauti ya nje, tulivu kabisa, "hata nikisikia kelele."

"Ni mimi! Amri ni yangu!"

"Wote husema hivyo, bosi."

Mkaguzi aliketi chini majivuni, leso ikamwanguka. Kifuko kilikuwa kimekaza kama ngoma. Daktari alijua kuna mshipa chini ya taya ambao ukibanwa, koo la moto hujifunga. Alijua pia kwamba angeondoa mkono tu, Tajiri angelipwa alichostahili, na wao wengine naye. Alimtazama Tajiri akikwaruza mlango kwa kucha, na kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye, hakuubana ule mshipa.

Kisha akaliinamia sikio. "Kitinda," akanong'ona, "na mimi nimo. Mama atabaki na nani?"

Akabana. Joka lilitetemeka mwili mzima, likameza. Magamba yakalala. Moshi mwembamba ulilitoka puani, ukakatika.

Tajiri alijifuta uso, akakaza mkanda. "Haya," akasema. "Zima au gonjwa?"

Daktari alifikiria bunduki za getini.

"Zima," akasema, akavua glavu.

"Na wale vijana," aliongeza, "mtawaambia nini wazazi wao?"

"Tangazo lilishatoka," alisema mkaguzi, akitafuta leso yake majivuni.

Subiri alifungua mlango saa yake ya kufungua ilipofika. Jioni ile daktari alimweleza mama yake yote, wima, kabla hajavua viatu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama joka linakula vizuri, akaenda kulala. Kesho yake magharibi alijifunga kanga akaenda kiwandani.

Joka lilikuwa limefungwa minyororo, mdomo ndani ya tanuri, likipumua. Mvuke ulipanda, mashine zikakata sponji, na vijana wapya wa zamu ya usiku walikuwa wakiingia mmojammoja. Mama alipitisha mkono kwenye nondo za kizuizi, akalipapasa ubavu.

"Amekonda," akasema. "Anapumzika lini?"

"Subiri," alisema mlinzi, akaenda ofisini kuuliza. Alirudi akikuna kisogo. "Wamesema halipumziki, mama."

"Sikukuuliza habari za joka, baba. Nimekuuliza habari za mwanangu."

Subiri alilitazama joka, kisha akatazama viatu vyake.

"Hapumziki, mama," akasema, akaenda kuwafungia vijana wa zamu.