Kinga Mbili Ndani ya Kompyuta Moja

Habari ilianzia kwenye foleni ya kukoboa mpunga, pale Nyasubi, na kufika Ijumaa jioni ilikuwa imeshazunguka Kahama nzima: Jumatatu, tarehe ishirini na sita Aprili, kuna kirusi kitaamka ndani ya kompyuta duniani kote na kufuta kila kilichoandikwa. Mwaka ulikuwa 1999. Watu walishachoka kutishwa na mambo ya mwaka elfu mbili, wengi wakacheka tu. Justina hakucheka.

"Shemeji yangu yuko Mwanza," alisema Zipora, mwenye mashine ya kukoboa, huku akipiga kelele kuishinda injini. "Ofisini kwao wamezizima zote, wamezifunika na mashuka kama maiti. Na wewe Mama Monika, ya kwako imepimwa?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Haijapimwa," Justina alijibu, "lakini haitembei ovyo."

"Mayu, mama we! Hao wasiotembea ndio wanaokutwa nacho!"

Alitabasamu kidogo, akajitwisha mchele wake, akaondoka. Lakini lile neno lilimganda. Alipika nalo, akafua nalo, akasali nalo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imekaa kwenye kichumba cha mbele ambako binti yake Monika aliwachapia watu barua na kadi za harusi. Barua za watu hazikumtia Justina hofu. Hofu yake ilikuwa kitabu cha baba yake. Mzee Kalisti, katekista mstaafu wa Ushirombo, macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho. Kwa viangazi viwili alikuja Nyasubi, akaketi kwenye kigoda pembeni ya Monika, akawa anayataja maneno ya Kisumbwa moja baada ya jingine, na maana zake kwa Kiswahili, tangu herufi A. Yalifika elfu mbili na mia tatu. Paroko alikuwa ameahidi kuwatafutia mtambo wa kuchapa. Hakuna aliyeandika kwenye daftari. Maneno yalitoka kinywani mwa mzee yakaingia moja kwa moja kwenye mashine.

Na Monika hakuwepo. Alikwenda Shinyanga kwenye usaili wa chuo cha ualimu, amefikia kwa shangazi yake Kambarage, na kurudi ni Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Justina alikwenda dukani kwa Shehnaz, anayeuza redio na vikokotoo, na ndiye aliyewauzia ile kompyuta. Alimweleza kwamba kinga ya virusi iliyomo ni ya zamani, kila siku inaleta kidirisha kusema muda wake umekwisha.

"Hiyo haijui virusi vya sasa," Shehnaz alisema, akamtolea CD ya kinga mpya. "Ila sikiliza, Mama Monika. Ondoa kwanza ile ya zamani. Na uiondoe kwa njia yake, usiikwangue tu. Ukishindwa, msubiri Monika."

"Nimekusikia, dada."

Alisikia kweli. Lakini njiani alilitafakari akaona dada Shehnaz hajui ulinzi. Pale Nyasubi sungusungu hawaachiani zamu namna hiyo. Wa zamani haondoki mpaka mpya amefika, wamesalimiana, wamezunguka mtaa pamoja, mgeni ameonyeshwa uchochoro wa wezi na mbwa wa kila nyumba. Hapo ndipo filimbi inavuliwa shingo moja na kuvishwa nyingine. Utamwondoaje mlinzi wa zamani halafu nyumba ibaki wazi, na siku zenyewe ni hizi? Wakae wote wawili kwanza, alisema moyoni. Wazoeane.

Akaiweka CD kama alivyokuwa akimwona Monika akifanya. Ikauliza, akakubali. Ikauliza tena, akakubali. Mashine ikajizima, ikajiwasha.

Hapo kioo kikapata wazimu. Kinga ya zamani ilitoa dirisha jekundu: kirusi kimeonekana. Kimeonekana wapi? Ndani ya kinga mpya. Kiingereza cha Justina kilikuwa cha darasa la saba, lakini kwa hilo kilitosha. Kabla hajamaliza kusoma, ile mpya nayo ikatoa dirisha lake, nayo inaishitaki ile ya zamani. Kisha mshale ukakwama katikati ya kioo. Alisukuma kipanya mpaka kikadondoka mezani, mshale haukutikisika.

"Yesu na Maria," alisema. "Wanagombana."

Aliizima kwa kuchomoa waya.

Jumapili baada ya misa ya kwanza alirudi mezani na nguo zake za kanisani, hata kitambaa cha kichwa hakuvua. Safari hii mashine iliwaka kwa taabu, ikatembea polepole kama mtu mwenye homa. Justina alishaamua: wa zamani aende. Alitafuta folda, lile kabati ambamo vitu vya kinga ile vilikaa, akalikamata na mshale, akaliburuta lote mpaka kwenye pipa la taka, kisha akamwaga na pipa lenyewe. Akaona amemaliza. Akaizima na kuiwasha.

Kioo kilikuja cheusi. Herufi nyeupe, nyembamba, zikasema kuna faili linahitajika na halipo. Bonyeza kitufe chochote. Akabonyeza. Likatajwa faili jingine. Akabonyeza. Kisha weusi mtupu.

Leo ni tarehe ishirini na tano! Kimewahi! Kirusi kimewahi kwa siku moja!

Hakumwita mtu. Hata simu ya dukani kwa Shehnaz hakuikumbuka. Alivuta droo akatoa CD iliyokuja na kompyuta, ile ambayo Monika alisema ndiyo ya kurudisha mashine ikiharibika. Irudishe basi, leo ndiyo siku yake. Akaitia. Maandishi marefu yakapanda juu ya kioo, mwisho wake swali na herufi mbili, Y na N. Y alijua ni ndiyo. Akabonyeza ndiyo.

Baada ya muda kama wa kuivisha maharage, kioo kiling'aa. Madirisha yakafunguka mepesi, hakuna jekundu, hakuna ugomvi, mashine inakimbia kama siku waliyoitoa dukani. Justina alipiga vigelegele peke yake chumbani. Alipiga hadi Zipora akachungulia mlangoni na khanga begani.

"Kuna harusi?"

"Imepona, Zipora! Nimeiponya mwenyewe!"

"Hebu nione maneno ya mzee, niamini."

Justina akafungua mahali kitabu kilipokaa. Palikuwa peupe. Akafungua pengine. Peupe. Barua za watu hakuna, kadi za harusi hakuna. Zipora aliacha kucheka. Justina aliketi sakafuni na gauni lake la kanisani.

Monika alirudi Jumatatu mchana. Aliamkia, "Shikamoo mama." Mama alimshika mkono akampeleka hadi kwa Shehnaz huku Monika akiwa bado na mfuko wa safari, kompyuta wameibeba kwenye mkokoteni wa kukodi. Shehnaz aliiwasha, akauliza swali moja moja, na Justina akajibu kama mshitakiwa.

"Kwa hiyo kirusi kilimaliza kila kitu," Justina alisema mwishoni.

Shehnaz alitikisa kichwa taratibu. "Mama Monika, sijaona dalili ya kirusi hapa. Kinga mbili ziligongana, ndiyo maana ilikwama. Ukalitupa kabati la ile ya zamani, lakini mizizi yake ilibaki ndani, kila mashine ikiwaka inamtafuta mlinzi asiyekuwepo. Ndiyo ule weusi. Lakini wakati ule wa weusi, kitabu kilikuwa bado kimo. Hakijaguswa hata nukta. Ningekitoa kwa nusu saa."

"Bado kimo?"

"Kilikuwemo. Hii CD ndiyo iliyofuta. Ilikuuliza, nifute kila kitu nianze upya? Ukasema ndiyo."

Justina aliishika kaunta ya kioo kwa mikono miwili. Monika, kwa sauti ndogo, akasema kuna disketi moja nyumbani. Aliwahi kunakili A mpaka K, ikajaa, hakununua nyingine.

Mzee Kalisti aliletwa wiki iliyofuata. Walimwambia wakiwa wamepiga magoti. Aliweka mikono juu ya fimbo.

"Tumebakiwa mpaka wapi?"

"K, baba."

"Basi Monika, andika L."

Akaanza. Maneno kumi, ishirini, yalikuja vizuri. Kisha akakwama. Kulikuwa na neno, alisema, la wafua vyuma wa zamani, la ule udongo wa kuzibia mdomo wa mvukuto. Mama yake alikuwa akilitumia. Alilitafuta kwa ulimi, akaanza nusu, akaliacha.

"Nililitaja hapahapa," alisema. "Monika aliliandika, nilimsikia akibonyeza. Sasa limenitoka."

Monika aliacha nafasi tupu kwenye kioo. Kufika jioni nafasi tupu zilikuwa tisa. Justina, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele, alizihesabu zote.

Kwa hiyo wewe unayebadilisha kinga kwenye kompyuta yako:

Usiweke kinga mpya kabla ya kuondoa ya zamani. Mbili haziishi pamoja.

Usiitupe ya zamani kwenye pipa la taka. Ndani ya kompyuta kuna mahali maalumu pa kuongeza na kuondoa programu. Iondoe huko, halafu zima na uwashe ndipo uweke mpya.

Usianze kazi hiyo kabla hujanakili vitu vyako kwenye disketi. Vyote, siyo mpaka K.

Usichomoe waya mashine ikikwama.

Usidhani kioo cheusi maana yake vitu vimekufa.

Usitie CD ya kurudisha mashine bila mtu anayejua, na usijibu ndiyo kwa swali ambalo hujalielewa.

Usifanye lolote kati ya haya ukiwa na hofu. Funga mlango, msubiri mwanao arudi.