Fortunata Alikataa Kushitaki

Wake tuliokwama Dubai, waume zetu wako Marekani, tulichoka kusubiri viza. Tukaungana kuishitaki serikali ya Marekani. Fortunata tu, niliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Al Barsha, ndiye aliyekataa.

"Unambishia mtu hodi huku umemshitaki?" aliniuliza.

Nilimnunia miezi.

Wiki jana wakili akapiga simu: tumeshinda! Jaji ameamuru wote waliocheleweshwa wapewe viza, hata wasioshitaki. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakagonga ukuta.

Na nani kaitwa wa kwanza kuchukua viza? Fortunata! Nilisonya weee, kisha nikakalia sanduku lake lifungike.

Mlangoni akanikumbatia, analia. "Dada Rosina, wakiichelewesha yako, nawashitaki."