Gunia Kwenye Mizani

Mwenyekiti Joakim alilinusa gunia letu, akalirusha mezani.

"Mama Pankras, hiki ni kikapu. Kahawa ya Maguu haisafiri kwenye kikapu."

Wakulima waliopanga foleni kusubiri kupima kahawa yao wakacheka. Mimi sikucheka. Ndani ya gunia lile mlikuwa na miaka miwili ya akina mama kumi na mmoja.

Mkonge unatoka Chiwanda, chini kule ziwani. Vitalia na wenzake wa huko waliupanda zamani uwe ua wa kuzuia mbuzi tu. Sasa wanaukata, wanaukwangua kwa panga butu, wanauanika mchangani. Sisi wa huku juu Maguu tunasokota na kufuma. Chama chetu cha msingi kikiyakubali magunia haya badala ya yale ya kutoka ng'ambo, Vitalia ataongeza shamba. Kikikataa, anang'oa mkonge na kurudi kwenye muhogo, na fremu yetu ya kufumia inakuwa kuni.

"Mwaka jana yalinuka dagaa," Joakim akasema.

"Yalinuka kweli. Nyuzi tulizipandisha na lori la dagaa, kosa letu. Mwaka huu zimekuja na lori la mchele. Nusa tena."

Hakunusa. "Na kufuma, nani kawafundisha?"

"Ngolo."

Wakacheka tena, lakini nilikuwa nasema kweli. Kila mtu hapa analima ngolo, mashimo yetu ya mlimani. Mwanaume analaza nyasi kwa miraba, mwanamke anafukia udongo juu yake. Tangu mume wangu Bernadi apumzike, mwaka wa tisa huu, nyasi nalaza mwenyewe. Mara ya kwanza watu walisimama njiani kunitazama kama sinema. Huko ndiko nilikojua nyasi ya chini na ya juu zinavyoshikana. Fundi alipotuchongea fremu, wenzangu walishangaa uzi, mimi niliona shamba langu.

"Kulaza nyasi ni kazi ya mwanaume," Joakim akasema.

"Basi mlete huyo mwanaume aje afume."

Safari hii kicheko kikamgeukia yeye. Akakunja uso. "Litapasuka! Ukitia kilo hamsini tu, linapasuka."

"Wewe una kilo ngapi, Mwenyekiti?"

"Themanini na kitu. Kwa nini?"

"Ingia."

"Mama, unataka niuawe na kikapu?"

Basi nikavua viatu, nikafanya ishara ya msalaba, nikaingia mwenyewe. Otilia, jirani yangu tunayefuma naye, akanikunjia kitenge magotini. Antoni mpimaji akasita, nikamtazama, akapitisha ndoano ya mizani kwenye masikio ya gunia. Wakanivuta juu. Nyuzi zikalia kama kitanda cha kamba, na miguu ikaiaga sakafu. Ee Mama Maria, nilisema moyoni, usiniaibishe mbele ya hawa.

"Sitini na mbili," Antoni akasoma.

Likashika.

"Haya, tumeona," Joakim akasema. "Mshusheni. Nitalipeleka kwenye kikao."

Kikao hicho nakijua. Ombi letu la mwaka jana lilikwenda huko, mpaka leo halijarudi.

"Sishuki," nikasema.

"Unasemaje?"

"Sishuki mpaka uandike. Magunia yote ya msimu ujao, ya akina mama."

Nikatoa rozari. Mizani ya chama ni moja tu, nami nilikuwa nimeikalia. Nikaanza tendo la kwanza. Otilia na wenzake wakaitikia. Tendo la pili, wanaume wa foleni wakavua kofia, maana wangefanyaje? Joakim alikuwa anazunguka meza. Kila akifungua kinywa, anakutana na Salamu Maria.

Tulipofika tendo la tatu, Mzee Augustino akapaza sauti kutoka nyuma. "Joakim mwanangu, andika! Pikipiki ya kukodi inanisubiri nje, na huyu mama namjua. Akimaliza rozari, ataongeza na Litania!"

Joakim akavuta karatasi. Akaandika, akagonga muhuri, akaiinua juu niione.

"Msomee Otilia, awe shahidi," nikasema.

Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, magunia yote ya msimu ujao. Otilia akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa shuka, mama. Nakuomba."

"Ngoja," nikamwambia. "Zimebaki Salamu Maria nne za tendo hili. Itikia na wewe."

Akaitikia.