Bi Costancia Aigombea Kilosa Mubashara

Kuna aibu ya kupoteza mbuzi, kuna aibu ya kupoteza jino mbele ya wakwe, halafu kuna aibu ya Bi Costancia, ambaye alipoteza mji mzima. Mji wenyewe ni Kilosa. Ulikuwa umetulia mahali pake, na stesheni yake na mto wake, mpaka Krismasi ya mwaka juzi, Bi Costancia alipotegwa kitendawili na mtani wake, Bi Kishiwa wa Mikumi, akazungusha kichwa weee, akakosa jibu. Sheria ya vitendawili kila mtoto anaijua: ukishindwa, toa mji. Bi Costancia alikuwa ameshiba wali, usingizi unamnyemelea, na mji uliomjia mdomoni ni ule ule aliokuwa ameukalia. Akasema, haya, chukua Kilosa.

Kwa mtu mwingine yangeishia hapo kwenye kicheko. Lakini Bi Kishiwa ni Msukuma na Bi Costancia ni Msagara, na mtani ukimpa shubiri huchukua pima. Tangu siku ile mji ukawa wake. Akija sokoni Kilosa alipita na fimbo akiwauliza wauza nyanya nani kawaruhusu kupanga meza upande ule. Bi Costancia alipochimba choo kipya, ilipigwa simu kutoka Mikumi kuuliza mbona mwenye mji hakuombwa kibali. Akawa anamwita "mpangaji wangu", hata mlangoni pa kanisa. Na watu wa Kilosa nao, badala ya kumtetea mwenzao, wakawa wanamsimamisha njiani kumuuliza watahamishwa lini.

Watu walicheka, Bi Costancia alicheka nao, kisha akirudi nyumbani hakucheka. Alikuwa amezeeka, na mambo ya wazee hayatabiriki.

"Siwezi kuzikwa kwenye mji wa Kishiwa," alimwambia mjukuu wake Obed. "Nizikwe kama mgeni?"

Obed ndiye aliyeleta shauri la marudiano. Ana chumba chake Mikumi, kando ya barabara kuu, katikati ya fundi pancha na muuza chipsi, na kazi yake ni kurusha harusi na misiba mubashara ili walio mbali waone. Akasema Bibi akae Kilosa, Bi Kishiwa akae Mikumi, waonane kwa simu ya video, naye atawaunganisha kwenye kioo kimoja na kuwarusha Yutyubu, Fesibuku na Tiktoki kwa wakati mmoja. Mji utakaporudi, nchi nzima iwe shahidi. Alipoulizwa kwa nini pote patatu na si mahali pamoja tu, alieleza kwamba akina mama wa kanisa walioko Dar wako Fesibuku, vijana wako Tiktoki, na akina shangazi hawatoki Yutyubu. Ukichagua mahali pamoja, wale wengine watanuna mpaka msiba ujao.

Siku ilipofika uwanja wa nyumba ya Bi Costancia ulifurika. Jirani Mudi alikuja na mkeka wake. Katekista Timotheo alikuja na miwani yake ya ibada. Kila aliyeingia aliamkia, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti, akapewa maji ya kunywa, akanong'onezwa kidogo sikioni na mwenye nyumba, akakaa ameridhika. Jikoni sufuria la pilau lilikuwa limeshafunikwa makaa juu, la kusherehekea ushindi. Obed alikuwa nyuma ya kompyuta yake, na pembeni ya dirisha ameweka kisanduku cha waifai chenye laini ya simu, kwa sababu pale Kilosa hakuna waya wa intaneti kama ule wa ofisini kwake Mikumi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Bi Kishiwa alionekana kwenye kioo akiwa Mikumi, mjukuu wake Joyce amemshikia simu, malori yanapita nyuma yake. Bi Costancia akatega: nimemfunga kamba shingoni, nimemtumbukiza shimoni, akitoka ananipa zawadi. Mtani akajibu bila kupepesa kwamba hiyo ni ndoo ya kisimani. Naye akatega: mgeni wangu haingii kwa kubisha hodi, na nikimfungia mlango hukaa nje akilia. Bi Costancia akajibu upepo. Uwanja ukapiga vigelegele.

Kisha Bi Kishiwa akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nina kijana wangu, kila akisafiri hu..."

Akaganda hapo. Jicho moja limefumba, mdomo umekwenda upande, kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Baadaye uso wake ukavunjika vipande vya mraba, ukawa kama kashata iliyoangushwa. Ulipojiunga tena, yeye alikuwa ameshamaliza zamani na amekunja mikono.

"Kimya? Toa mji."

Bi Costancia alidai hakusikia kitendawili. Bi Kishiwa akajibu kwamba yeye hategi mara mbili. Kitendawili si dawa ya kikohozi. Kwa vile nchi nzima ilikuwa inatazama, na mzee hawezi kubishana kama watoto wa gololi, Bi Costancia akatoa Dumila. Kilichofuata kikaganda vilevile, akatoa Kimamba. Kilichofuata tena, Magole. Alikuja kukomboa mji mmoja, na sasa wilaya ilikuwa inamtoka kama unga kwenye gunia lililotoboka.

Upande wa pili mambo yalikuwa mabaya zaidi. Obed alisoma maoni ya watazamaji akakunja uso. Fesibuku walikuwa wanauliza kwa nini Bibi amepiga mwayo muda mrefu namna ile. Tiktoki walikuwa wanamwona mraba. Yutyubu walipata sauti bila picha, wakadhani ni redio.

"Bibi, ni bitireti," alinong'ona.

"Huyo naye ni nani?"

Obed akamweleza kwamba si mtu. Ni kiasi cha picha na sauti kinachosafiri kila sekunde. Kikiwa kimetulia, watu wanaona. Kikipanda na kushuka, ndiyo huku kuganda na kupasuka. Akamwonyesha namba kwenye kompyuta. Zilikuwa zinapanda na kushuka kama mbuzi juu ya kichuguu, kijani, njano, nyekundu, kisha kijani tena.

Basi akaanza kutafuta ugonjwa. Akachomoa waya wa kamera akauchomeka tundu jingine. Mbuzi bado juu ya kichuguu. Akazima kisanduku akakiwasha. Kikatulia kidogo, halafu kikarudia ujeuri. Mudi, ambaye alikuwa na shauri kwa kila jambo, akasema nyumbani kwake yeye huwa anaweka simu ndani ya sufuria ndipo inashika vizuri, na kabla Obed hajageuka, kisanduku kilikuwa kimeshazama kwenye sufuria la ugali, na Bi Kishiwa ametoweka kabisa. Obed akakiokoa. Akakifunga kwa mpira wa baiskeli juu ya mti wa mpapai. Namba zikapanda, uwanja ukashangilia, zikashuka zote.

Cha ajabu ni kwamba kila Bi Costancia aliposema neno, alijisikia akilisema tena upande wa mkeka wa Mudi, kisha tena kule chini ya paa la jiko, kisha tena nyuma ya choo. Alisema "tega", na uwanja ukamjibu tega, tega, tega, kila mmoja kwa wakati wake, kama kwaya isiyo na mwalimu.

Obed alisikia pia. Aligeuka polepole akawatazama wageni. Wote, tangu katekista mpaka wanawake wa jikoni, walikuwa wameinamia simu. Walikuwa hatua chache kutoka kwa Bi Costancia mwenyewe, wangenyoosha mkono wangemgusa, na wote walikuwa wanamtazama kwenye kioo, wengine Yutyubu, wengine Tiktoki, wengine Fesibuku, wakisubiri waone kama na wao watatokea nyuma yake. Mudi alikuwa amefungua pote patatu, simu mbili na tableti ya mwanawe, ili asikose upande.

Obed akafungua orodha ya waliounganishwa na kisanduku chake. Ikashuka, ikashuka, ikaendelea kushuka.

"Bibi, nani kawapa nywila?"

"Mimi," alisema Bi Costancia, tena kwa fahari. "Mgeni ananiamkia, nimpe kiti, nimpe maji, halafu nimnyime waifai? Ndani ya nyumba yangu?"

Obed akashika kichwa. Akaeleza kwamba kisanduku kile ni kidogo, laini ni moja. Yeye tayari alikuwa amekibebesha mizigo mitatu kwa mara moja, na kosa hilo ni lake, lakini juu ya mizigo hiyo uwanja mzima ulikuwa umepanda. Dawa ni kubadilisha nywila sasa hivi, watu wote watoke.

Bi Costancia akamtazama kama mtu aliyetukana madhabahuni. Kumpa mgeni kitu, kisha kumnyang'anya akiwa bado anakitumia? Hiyo ni sawa na kumpokonya kikombe mdomoni. Angekuwa radhi kupoteza mji, lakini kusemwa kwamba kwa Bi Costancia wageni wanakatiwa, hapana. Na kule kwenye kioo Bi Kishiwa alikuwa ameganda na tabasamu la mtu anayehesabu miji. Uliobaki mkononi mwa Bi Costancia ulikuwa Lumuma, alikozaliwa. Ukitoka huo, hana pa kusimama duniani.

Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaita jikoni pilau lipakuliwe.

Wakamwambia nyama haijaiva sawasawa. Akasema itaivia mdomoni. Wakamwambia si la kusherehekea ushindi? Akasema lipakuliwe. Likaja kwenye masinia, mvuke unapanda, na yeye akamgeukia Timotheo na kumwomba akiombee chakula.

Timotheo ni mtu wa taratibu. Akavaa miwani yake ya ibada, akasimama, akatangaza kwamba hafungui kinywa mbele za Mungu ilhali kuna simu hata moja inayowaka. Mmoja mmoja wakazizima, wakazitia mifukoni. Mudi alichelewa na tableti, akasubiriwa mpaka akaona haya. Ndipo Timotheo akaanza, na kila aliyewahi kuketi kwenye ibada yake anajua kwamba sala yake ya chakula hupitia mashamba, mvua, wasafiri, wagonjwa na viongozi kabla haijafika kwenye chakula chenyewe. Mikumi nako Bi Kishiwa alilazimika kufumba macho, maana si vizuri kudai mji wakati wa sala.

Obed peke yake ndiye aliyekuwa macho wazi, Mungu amsamehe. Akapunguza bitireti ilingane na nguvu ya laini. Akaacha kupeleka mizigo mitatu kutoka uwanjani. Akapeleka mmoja tu kwenye mtambo wa mbali wa kugawa matangazo, nao ukaugawa huko huko kwa Yutyubu, Fesibuku na Tiktoki. Sala ilipofika kwa viongozi, namba zilikuwa zimelala kijani, hazitikisiki. Na baada ya amina watu walinawa, wakatia mikono kwenye masinia, na hakuna mtu mwenye akili anayeshika simu kwa mkono wenye mafuta ya pilau.

Kwa mara ya kwanza wageni wakamtazama Bi Costancia mwenyewe.

"Kitendawili," akasema yeye, akiwa amesimama.

"Tega," akajibu Bi Kishiwa, safi kabisa, mpaka meno yake yaliyobaki yangeweza kuhesabika.

"Nina ng'ombe, nyumba nzima inamnyonya wala hakuna aliyemwona. Akikauka, wote wanamgombeza mchungaji."

Bi Kishiwa akatabasamu. Kumtega Msukuma kwa ng'ombe ni kumtega samaki kwa maji. Akasema ni kisima. Bi Costancia akatikisa kichwa, kisima kinaonekana. Akasema ni usingizi. Sivyo. Akasema ni ng'ombe wa mahari aliyeahidiwa, na hapo hata katekista alipaliwa na mchele, lakini sivyo. Akanong'onezana na Joyce. Akainamisha kichwa. Lori likapita likapiga honi, akalilaumu lori.

"Nipe mji," akasema Bi Costancia.

Bi Kishiwa akampa Mwanza, na ziwa lake lote. Bi Costancia akasema hautaki. Akampa Dodoma, akaambiwa una vumbi. Akampa Dar es Salaam. Akaambiwa una joto. Akatoa hata Mikumi, na tembo wake, na malori yake, na Obed akiwemo. Bi Costancia akakataa, ingawa kwa Obed alisita kidogo. Mtegaji ana haki ya kukataa mpaka aridhike, na nchi nzima ilikuwa inaona, picha imetulia kama maji ya mtungini.

"Mtani, mji ule nimeuzoea," akasema Bi Kishiwa, na sauti ilikuwa imeshuka. "Una watu wazuri. Wananisalimia."

"Najua. Ndiyo maana nautaka."

Bi Kishiwa akakodolea simu macho. Obed akakimbilia kutazama namba, akidhani wameganda tena. Hawakuganda.

"Haya. Chukua Kilosa yako."

Bi Costancia akavuta pumzi, akaanza kusafiri kama desturi inavyotaka. Alisema amekwenda Kilosa, akafika, akakuta watu wake wanakula pilau lenye nyama ngumu, wakamkaribisha, akakaa kwake, na jibu la kitendawili ni waifai. Bi Kishiwa aliomba aelezwe mara mbili, halafu akasema huyo si ng'ombe, huo ni wizi wa mifugo. Lakini mji ulikuwa umeshatoka, na akina mama wa Dar walikuwa wameshajaza maua kwenye maoni.

Hata hivyo alikuwa na neno moja la mwisho. Mji haukabidhiwi kwa simu kama salamu, alisema. Atapanda basi kesho yake aje aukabidhi kwa miguu, mtaa kwa mtaa, wahakikishe hakuna kilichopungua.

"Njoo," akasema Bi Costancia. Kisha, picha ilipozimwa, akamwambia Obed amtolee godoro lile zuri alianike juani, maana anamjua mtani wake: mji kama ule hataukabidhi chini ya wiki mbili.