Udongo Ulioshiba

Mahindi ya Eufrasia yalifika magotini yakagoma. Majani ya chini yalikuwa yameanza kupata unjano kwenye ncha, na unjano ule ulikuwa ukiingia ndani kila siku. Alipalilia huku tope jeusi la mbuga likimganda miguuni. Mbolea ya kukuzia isipofika kabla mvua haijakata, yeye na wajukuu wake hawatavuna kitu.

Asubuhi hiyo pikipiki ilisimama kando ya shamba. Alishuka Sylvester, bwana shamba wa mradi wa mbolea, na nyuma yake Masele, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima.

"Mwangaluka, mayu," Masele alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

Sylvester alishika fimbo yenye miiba ya chuma na kioo kidogo juu. Alieleza kwamba kifaa kile kikichomwa ardhini kinasoma njaa ya udongo na kupeleka jibu moja kwa moja makao makuu. Kila shamba litapewa mbolea kulingana na njaa yake. Eufrasia alimsikiliza huku akimtazama Masele. Jana yake mwenyekiti huyo alipita nyumba kwa nyumba akinong'ona kwamba shamba litakaloonekana limechoka litapewa mwekezaji. Eufrasia hakumwamini. Ila mashine ile ndiyo hakuiamini kabisa.

Sylvester aliuliza achome wapi. Mahali pamoja panatosha, alisema, mashamba ni mengi. Eufrasia akawapeleka nyuma ya nyumba, palipokuwa na zizi la marehemu mumewe. Samadi ya miaka mingi ilikuwa imeoza pale, na mahindi yalimpita mtu kimo. Sylvester aliyapita yale ya njano bila kuuliza.

"Shamba langu ndilo hili," Eufrasia alisema. "Halijachoka."

Kioo kikawaka kijani.

"Umeshiba, mayu," Masele alisema, akacheka.

Mbolea ilipofika kijijini Lagangabilili, jina la Eufrasia halikuitwa. La jirani yake Mboje pia halikuitwa. Walipoulizana, wakakuta kila mmoja alikuwa amempeleka bwana shamba kwenye zizi la zamani. Shamba la Masele lilichomwa kifaa kwenye njia ya mbuzi, pasipoota hata nyasi, na likaonekana lina njaa kuliko yote. Lori lilishushia huko.

Eufrasia alimfuata Sylvester ofisini kwake. Alimweleza habari ya zizi, akamwomba aje achome tena, mahali popote atakapopenda yeye mwenyewe.

"Kifaa hakidanganyi, mayu. Hakina ndugu wala rafiki."

"Hakina. Ila kina wenyeji wake."

Sylvester aliacha kuchezea simu. "Ulinipeleka mwenyewe. Nikibadilisha jibu lako, watasema nimehongwa."

"Na kwa Masele ulipelekwa na nani?"

Alijibu kwamba wageni wa mradi wanamsubiri, akainuka na kumshikia mlango.

Wiki hiyo Masele alitafuta vibarua wa kuweka mbolea. Ujira ulikuwa unga, na nyumbani kwa Eufrasia unga ulikuwa umekwisha. Akaenda. Waliinama tangu asubuhi, kila shina kifuniko kimoja cha soda, wakifukia kwa kidole. Masele alipita katikati ya mistari akiwa na mwavuli.

"Polepole, mayu," alimwambia Eufrasia. "Hii ni mbolea ya kipimo. Ukizidisha unaharibu."

Eufrasia alifukia, akasogea kwenye shina lililofuata.

Kazi ilipokwisha, mgambo aliwapanga kwenye njia ya kutokea. Kila mwanamke alikung'uta kanga, akafungua pindo, akakunjua viganja. Eufrasia alikunjua vyake. Mgambo aliviangalia, akampisha.

Alifika kwake jua likiwa bado halijazama. Hakuingia ndani. Alichota maji kwa kata, akaenda kuchuchumaa shambani mbele ya shina moja la njano, akaanza kunawa juu ya mizizi yake. Alisugua mbolea iliyojificha chini ya kila ukucha, taratibu, mpaka maji yakatoka safi. Mkono wa pili aliunawia kwenye shina la pili.